JAMAA ALITAKA GASKETI TU, MKEWE AKAULIZA SWALI MOJA GEREJI NZIMA IKANYAMAZA

Wadau wa magari ya kizamani hii inawahusu, na wenye ndoa nao wasipite mbali.

Kuna jamaa mmoja Arusha, dereva wa watalii, ana Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ. Kwa wasioijua, hiyo ni dizeli ya Toyota ya lita 4.2, silinda 6 zimejipanga mstari mmoja, ilianza kutoka mwaka 1990. Haina turbo, haina mambo mengi, ndiyo maana madereva wa porini wanaipenda kufa.

Mwezi wa nne, mvua zinanyesha, wageni hakuna, gari ikaanza kuchemsha. Maji yanapungua, asubuhi moshi mweupe. Fundi kijana akasema, "Bro, hiyo gasketi ya hedi, nipe siku 2." Shida ni kwamba gasketi hiyo hiyo ilibadilishwa mwaka jana, kwa hela ya mama watoto! Na sasa hela iliyokuwepo ndani ilikuwa ya kikoba chake, ameshaipangia kununua friji la mgahawa.

Mama watoto hakugoma. Alisema kitu kimoja tu: safari hii anakwenda gereji mwenyewe. Akafika, akasalimia, akauliza, "Ile ya mwanzo iliungua kwa nini?" Kimya. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Wakahamia kwa mzee mmoja mwenye mvi na miwani ya kufunga na kamba. Mzee akafungua hedi, akaisafisha, akalaza rula ya chuma juu yake, akapitisha fila chini. Imepinda. Ile ya mwaka jana ilifungwa juu ya hedi iliyopinda, hivyo isingedumu.

Akageuza hedi, akamimina mafuta ya taa kwenye matundu ya hewa na ya moshi. Valvu ni 12, yaani 2 kila silinda. Kwenye 3 mafuta yakapenya. "Mama, njoo uone mwenyewe," mzee akaita. Akaangalia pia kati ya valvu na valvu, maana hapo ndipo hedi za hizi injini hupata nyufa zikichemka. Bahati nzuri ilikuwa salama.

Hedi ikapelekwa kusawazishwa. Hapa wengi wanakosea. Dizeli haina nafasi ya mchezo, pistoni inapanda mpaka karibu kabisa na hedi. Ukikwangua hedi, lazima na siti za valvu zikatwe upya ili valvu zisichomoze. Hata gasketi zinakuja kwa unene tofauti, unapima pistoni imezidi bloku kiasi gani ndipo unachagua.

Kisha zikaja sili mpya, kusaga valvu, na zile shimu ndogo juu ya vikombe. Valvu za hewa ziachie milimita 0.15 hadi 0.25, za moshi 0.35 hadi 0.45, injini ikiwa baridi. Mzee alipima moja moja. Bolti akakaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Belti ya taiming nayo mpya, maana ikikatika pistoni zinagonga valvu na kazi yote inakufa.

Na chanzo? Rejeta! Njia zake nyingi zilikuwa zimeziba kwa kutu na tope. Bila kuigusa, hata hedi mpya ingepinda.

Bei ikawa zaidi ya mara 2 ya ile ya fundi kijana. Jamaa akainamisha kichwa. Mama watoto akatoa daftari, akaandika kila kifaa, akamwambia, "Baba watoto, safari za kwanza hela inarudi kwangu. Sahihi hapa." Akasaini mbele ya mafundi, aibu tupu, lakini akasaini.

Mwezi wa sita gari likaingia porini, likatoka, halijachemsha. Friji likanunuliwa mwezi wa nane.

Watu walimcheka jamaa kwamba katawaliwa na mke. Lakini ukweli ni kwamba gasketi haikuwa ugonjwa, ilikuwa dalili, na aliyeliona hilo hajui hata kushika spana. Nyumba nyingi nazo zinabadilishiwa gasketi kila mwaka: leo zawadi, kesho msamaha, na rejeta imeziba vilevile.

Je mdau, ungekuwa wewe ungesaini lile daftari? Funguka hapo chini.