Friji ya Kompyuta Kwenye Baridi ya Brussels

Brussels, Januari

Kwa ndugu wote wa Mikelenge, mjini Kindu,

Nje kipimajoto kinaonyesha nyuzi mbili. Katika Matonge, mtaa wa Ixelles uliokopa jina lake Kinshasa, watu wanatembea mabega juu na mikono mifukoni. Lakini ghorofa ya tatu, jikoni, kijana mmoja aliyezaliwa Mikelenge amepiga magoti juu ya vigae akichomelea bomba la shaba. Anatengeneza baridi. Hita ya nyumba imefunguliwa mpaka mwisho ili watu wasigande, na mita moja kutoka hapo inajengwa mashine ya kuteremsha kitu kisichozidi sentimita nne kwa nne hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Kitu hicho ni kichakataji cha kompyuta ya mezani.

Mwandishi wa barua hii alikuwa amekwenda kula sombe tu. Alipouliza kwa nini dirisha lisifunguliwe kazi ikaisha, kijana alimjibu bila kuinua macho: “Yaya, baridi ya inje ni ya bure, lakini haifike kule niko nataka.”

Jibu hilo lina hesabu ndani yake. Feni, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuipoza kompyuta chini ya joto la hewa inayoivuta. Hewa ikiwa nyuzi 20, kichakataji kitabaki juu ya 20, na maji yanayozungushwa kwenye mipira hayana ujanja zaidi. Kushuka chini ya hapo kunataka kazi ya frigo: kulichota joto penye baridi na kulibeba hadi penye joto zaidi, na mbebaji huyo hulipwa kwa umeme. Jacob Perkins, Mmarekani aliyeishi London, alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1834, na kanuni yake ndiyo ile ile hadi leo. Kompresa inaibana gesi mpaka inapata moto. Gesi inapita kwenye kondensa, ule wavu mweusi wa nyuma ya frigo, inatua joto lake na kugeuka kimiminiko. Kisha inalazimishwa kupita kwenye kapilari, bomba jembamba ambalo tundu lake halipitishi hata njiti ya kiberiti. Ikitokea upande wa pili mbano unaanguka, kimiminiko kinachemka papo hapo, na kuchemka kunakula joto. Aliyewahi kupanguswa alkoholi kabla ya sindano anaujua ubaridi huo. Mashine ya pale Ixelles ina tofauti moja tu na frigo ya kawaida: gesi haichemkii ukutani mwa sanduku la nyama, inachemkia ndani ya kipande cha shaba kilichokazwa kwa skrubu juu ya kichakataji.

Wazo si lake, wala hadai hivyo. Mapema mwaka 2000 kampuni ya KryoTech ya South Carolina iliuza kompyuta iliyoitwa Super G, yenye friji ndani ya kasha, ambayo Athlon yake ilikimbia gigahezi 1 wiki kadhaa kabla AMD haijauza ya kasi hiyo isiyohitaji friji. Huko Denmark, Asetek ya Aalborg ilitengeneza VapoChill kwa kanuni hiyo hiyo. Biashara ikafifia. Asetek ikahamia kwenye vipozeo vya maji, na kwa hivyo ndivyo inavyojulikana sasa. Wasaka rekodi nao wakaruka mbali: Desemba 2022 timu ya Asus iliivusha Core i9-13900K ya Intel gigahezi 9 kwa heliamu ya kimiminiko. Friji ikabaki katikati, ghali kuliko feni na dhaifu kuliko heliamu, mchezo wa watu wenye mikono isiyotulia.

Mikono ya kijana huyu haitulii. Mchana ni fundi wa majokofu ya maduka ya vyakula, na ana cheti. Cheti si pambo: sheria za Ulaya hazimruhusu asiye nacho kushika gesi zenye florini, na hakuna anayeruhusiwa kuzifungulia hewani. Kompresa, kondensa na kapilari alizipata ndani ya mashine kuukuu ya kukausha unyevu, aliyoinunua kwenye soko la mitumba la Place du Jeu de Balle, ambako kila asubuhi vitu vya marehemu na vya waliohama hupangwa chini juu ya mawe. Nyumba nyingi za Brussels zina kuta zinazolia maji, kwa hiyo mashine za namna hiyo hazikosekani.

Kwa nini asichukue frigo nzima akaitia kompyuta ndani? Ndilo swali la kwanza la kila mtu, na mwandishi naye aliliuliza. Frigo ya nyumbani hutengenezwa kuondoa joto dogo linalopenya kuta zake na lile la chakula kilichoingizwa. Kompresa inafanya kazi, inapumzika. Kompyuta inayotema wati 300 bila kukoma ni jiko lililofungiwa ndani. Kompresa haipati tena kupumzika, sanduku linapata joto badala ya baridi, na kila mlango ukifunguliwa unyevu unaingia na kutua kwenye bodi. Mama yake, kwenye simu kutoka Mikelenge, aliona tatizo jingine kabisa: “Unatengenezea ordinatere frigo? Sasa samaki utaweka wapi?”

Gesi nayo ina habari yake, na habari hiyo inapita karibu na nyumbani. R-134a, jina ambalo mafundi frigo wanalijua kwa moyo, ikivuja hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za ukoo huo, na mahali pa makubaliano palikuwa Kigali, saa chache tu kwa gari kutoka Goma. Yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Mashine ya sokoni ilikuwa ya propani, R-290, ambayo athari yake kwa hali ya hewa haifiki hata mara kumi na inayochemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ila propani ni ile ile ya kupikia: ikivuja jikoni penye cheche, inawaka. Ndiyo maana frigo za nyumbani ziliwekewa kikomo cha gramu 150. Kijana alichomelea mabomba yakiwa matupu, akayajaribu kwa naitrojeni na povu la sabuni, akavuta vakyumu dakika 40, ndipo akajaza gramu 60 dirisha likiwa wazi na hita imezimwa. Sombe ilipoa mezani. Asiye fundi asiige.

Hata hivyo moto haukuwa adui. Adui alikuwa maji.

Kila hewa ina kiwango chake cha umande. Chumba cha Brussels chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 huanza kudondosha maji juu ya chochote kilichoshuka chini ya nyuzi 9 hivi. Kipande cha shaba chenye nyuzi 30 chini ya sifuri ni mwaliko: mvuke wote wa jikoni, hata pumzi za wageni, unakwenda kutua pale. Kwa hiyo kazi ya siku mbili ilikuwa kuizuia hewa isikiguse. Bodi ilipakwa Vaseline, ndiyo, ile ile ya midomo, kuzunguka soketi ya kichakataji, kwenye vijitundu na upande wa nyuma. Juu yake povu jeusi la mpira likakatwa kwa wembe, tabaka juu ya tabaka, likakazwa kama kilemba. Bomba la kurudisha gesi kwenye kompresa likavishwa soksi ya povu hilo hilo. Pale soksi ilipoishia, sentimita mbili za shaba zilibaki uchi, na ndani ya dakika kumi zilikuwa zimeota ganda jeupe kama unga wa muhogo.

Kipimo kilisoma nyuzi 31 chini ya sifuri. Kichakataji kilikuwa Core i7-2600K ya mwaka 2011, ya mtumba, iliyotoka kiwandani na gigahezi 3.4. Usiku ule ilikimbia 5.1. Kijana alipiga picha ya skrini, akaituma kwa kaka zake Kindu, akalala saa tisa.

Siku ya tisa skrini ilizimika na haikurudi. Nyuma ya bodi, mahali povu lilipokatwa kupisha skrubu, palikuwa na tone moja dogo kuliko punje ya mchele, na chini yake doa la kijani. Bodi ilikuwa imekufa. Alilikwangua doa kwa kucha, akasema kitu ambacho mwandishi hawezi kukiandika kwa heshima ya wazee watakaosomewa barua hii. Neno moja tu litajwe hapa: bati. Tangu Julai 2006, Ulaya ilipopiga marufuku risasi katika vifaa vya umeme, lehemu ya kawaida ya bodi hizi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95. Hakuna awezaye kusema bati la bodi ile lilichimbwa wapi. Ila Kalima, mashariki ya Kindu katika jimbo letu la Maniema, imetoa kasiteriti, madini ya bati, tangu enzi ya Wabelgiji, na inawezekana kabisa kwamba kitu cha Maniema kilifia jikoni Ixelles mikononi mwa mtu wa Maniema.

Ubelgiji hii hii inayo namna nyingine ya kupoza kompyuta. Saint-Ghislain, karibu na Mons, Google ina kituo kikubwa cha kompyuta kilichojengwa bila mashine za friji. Maji huvutwa kutoka kwenye mfereji wa meli ulio jirani, husafishwa, kisha huachwa yavukizwe ili yaondoke na joto. Mtungi wa maji ya kunywa unafanya hivyo hivyo: unatoa jasho, jasho linakauka, maji ya ndani yanapoa. Kampuni yenye fedha za kununua kompresa zote za Ulaya ilichagua mtungi. Na upande wa kwetu, Luviro huko Kivu Kaskazini, Hifadhi ya Virunga inayoongozwa na Mbelgiji Emmanuel de Merode iliweka mwaka 2020 kompyuta za kuchimba bitikoini ndani ya makontena kando ya mtambo wake wa umeme wa maji. Joto la mashine hizo linaondolewa na feni.

Sasa vijana wa Mikelenge waliopata ile picha ya skrini wanaandika wakiuliza kama mashine hiyo inaweza kujengwa kwao. Kujengwa inaweza; mafundi wapo. Lakini wapige hesabu kwanza. Kompresa ile inakula wati 220. Ikifanya kazi saa tano kwa siku ni kilowati-saa 1.1, na paneli ya jua ya wati 300, ikipata saa nne za jua kali, hutoa 1.2. Yaani paneli nzima inafanya kazi kutwa kulipia baridi, kabla kompyuta yenyewe haijapata chochote. Tena kompresa ikiwaka hudai kwa nukta moja umeme mara kadhaa zaidi ya huo, na inveta ndogo huzimika hapo hapo. Mwenye jenereta anajua bei ya lita ya mafuta kuliko mwandishi.

Umande nao Kindu una sura nyingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hudondosha maji tayari kwenye nyuzi 26. Hapo huhitaji kushuka chini ya sifuri ili uue bodi. Chupa ya maji iliyotoka kwenye frigo inaonyesha yatakayotokea. Hata mtungi wa Saint-Ghislain ungefanya kazi kwa uvivu, maana hewa iliyoshiba maji haikaushi jasho.

Kisha lipo jambo ambalo picha ya skrini haisemi. Kichakataji kile kile, kwa feni nzuri na bila friji, wengi walikifikisha gigahezi 4.5. Kompresa, propani, Vaseline na siku mbili za povu zilinunua 0.6. Na vichakataji vya sasa vimeundwa kustahimili joto: Ryzen 7000 za AMD, zilizotoka 2022, zinaruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi 95. Kati ya chumba chenye nyuzi 32 na hizo 95 nafasi ni tele. Kompyuta zinazozimika kwenye vibanda vya kupiga chapa na fotokopi haziuawi na jua la Maniema. Zimezibwa na vumbi jekundu kwenye mapezi ya kipozeo, na pasta iliyo kati ya kipozeo na kichakataji imekauka ikawa kama chokaa.

Kijana ameshanunua bodi nyingine na anakata povu upya. Tone lile limemkera kuliko hasara. Huyo ashindwe au ashinde, ni mchezo wake na umeme wa Brussels haukatiki. Ila mwenye kompyuta inayozimika saa nane mchana, awe Mikelenge, Kasuku au Alunguli ng'ambo ya mto, aichomoe kwenye umeme na aanze na brashi ya rangi, laini na kavu. Pasta mpya itafuata: bomba kumi za gramu nne zimeshafungwa kwenye bahasha, zinangoja msafiri wa kwanza wa Kindu mwenye nafasi kwenye mzigo wake.