Maji Huchemka

Katika miaka niliyofundisha fizikia, ipo sentensi moja ya Kiingereza niliyoiandika ubaoni mara nyingi kuliko nyingine zote: "Pure water boils at 100°C at standard atmospheric pressure." Niliiandika, wanafunzi wakainakili, nikaisoma, nao wakaitikia kwa pamoja kama waumini wanavyoitikia sala. Aliyeweza kuikariri bila kukosea nilimhesabu kuwa ameelewa. Ilinichukua muda mrefu kugundua kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimeisoma sentensi hiyo hadi mwisho.

Shule yetu ilikuwa tambarare, upande wa Ndungu. Msafiri anayetoka Same kupitia Kisiwani na Maore huiona milima ya Upare mkono wake wa kulia, imesimama kama ukuta, na mkono wa kushoto nyika ya Mkomazi. Chini kuna joto, mpunga na mbu. Juu kuna baridi, migomba na zile ndiva za wazee, mabwawa yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kumwagilia mashamba. Familia nyingi zina mguu mmoja chini na mwingine juu. Mtoto husoma tambarare, na likizo ikifika hupanda mlimani kwa bibi yake.

Mwaka 1988 nilikuwa na darasa la kidato cha pili. Siku hiyo tulichemsha maji katika bika juu ya jiko la mafuta ya taa, na kila kundi likapewa kipimajoto. Maji yakatokota. Vipimajoto vikapanda, vikasimama kwenye nyuzi 98 hivi, vikakataa kuendelea. Wanafunzi wakanitazama. Nikawaambia kwamba vipimajoto vyetu ni vya zamani, waandike 100 kama kitabu kinavyosema. Wakaandika.

Ndipo kijana mmoja, aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, aliposimama. Akauliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, mbona kwa bibi mlimani makande hukawia sana kuiva, na maji yanatokota vile vile?"

"Speak English," nikamwambia.

Akanyamaza kidogo. Akaanza, "My grandmother..." Hakufika mbali. Darasa likacheka, nami nikamwambia akae. Akakaa. Tangu siku ile mpaka alipomaliza kidato cha nne, sikuuona tena mkono wake ukiinuliwa katika somo langu.

Sikujiona kuwa mkatili. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Kwenye mlango wa ofisi ya walimu palibandikwa karatasi iliyomwonya mwanafunzi kwamba asiyezungumza Kiingereza hatahudumiwa. Tuliamini tunawasaidia. Mtoto alikuwa amesoma miaka 7 ya shule ya msingi kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa ya kufundishia huko tangu mwaka 1967. Alijua wenzo, egemeo na nishati. Kisha akavuka kizingiti cha sekondari, na baada ya wiki chache za Kiingereza cha kuanzia akatakiwa afikiri kwa lugha ambayo hakuwahi kugombana nayo, kutaniana nayo wala kuota nayo.

Wakubwa walilijua tatizo hilo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kuwa kuanzia mwaka 1985 Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu wakaona kuwa wanafunzi walio wengi hawakuwa nacho cha kutosha kusomea masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikakibakiza Kiingereza sekondari. Na hadi leo mtihani wa fizikia wa kidato cha nne huandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa darasani habadilishi sera. Lakini anaweza kuchagua la kufanya mtoto anaposimama na swali.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mwenzangu aliyesomea Kyiv, enzi ambazo Ukraine ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Jioni moja nililalamika kwamba wanafunzi wangu ni wazito. Akanijibu kwa upole kwamba yeye pia alikuwa mzito. Alipofika kule hakupelekwa moja kwa moja kwenye somo lake. Aliwekwa mwaka mzima katika kitivo cha maandalizi, akifundishwa Kirusi. Kwanza salamu, mkate na basi. Baadaye ukaja msamiati wa sayansi pamoja na namna chache za kuunda sentensi ambazo sayansi huzirudia kila siku: hiki huitwa hivi, hiki hutegemea kile, kikizidi hiki hupungua kile. "Lugha ya fizikia si kubwa," akaniambia. "Ila lazima mtu akuoneshe mlango."

Siku hizi mwanafunzi wa fizikia huko Ukraine husomeshwa kwa Kiukraine, kisha hufundishwa Kiingereza cha kisayansi ili aweze kusoma na kuandika katika majarida ya dunia. Anaingia kwenye Kiingereza akiwa tayari na fizikia kichwani. Mtoto wa Ndungu tulimtaka apate vyote viwili kwa pumzi moja, na aliposhindwa tukamwita mjinga.

Basi nikaanza kukutana na wanafunzi jioni, mara mbili kwa wiki. Nami niliyadharau Kiswahili darasani nikashangaa kukuta ndicho kilichobeba funguo. Walikuwa wakiandika "water is boiling at 100°C", na miaka yote nilikuwa nikikata kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Sasa nikawauliza: kuna tofauti gani kati ya "maji yanachemka" na "maji huchemka"? Kila mmoja alijua. La kwanza ni la sufuria iliyopo jikoni sasa hivi. La pili ni desturi ya maji popote yalipo. Nikawaambia, sheria za maumbile zote husemwa kwa "hu-", na "hu-" ya Kiingereza ndiyo ile "boils" yenye "s" mwishoni. Kosa lile likapungua sana ndani ya mwezi mmoja.

Tukaenda kwenye taarifa za majaribio, ambako mtendaji hufichwa. Kitabu hakisemi nani alimimina maji. Husema "the water was poured". Wakaniambia wenyewe, "Mwalimu, si ni yalimiminwa tu?" Naam, ni ile "-wa" yetu. Tukafika kwenye maswali ya mtihani yanayoanza na "Account for". Wengi wao neno "account" walilijua la benki, wakawa wanatafuta hesabu ya kufanya, kumbe wanaulizwa sababu.

Neno lililotusumbua zaidi lilikuwa "work". Nikawaeleza kuwa mama akijitwika gunia la mpunga akatembea nalo njia ya tambarare kwa mwendo ule ule, fizikia husema hakuifanyia ile shehena kazi yoyote dhidi ya uzito wake. Ataifanya akipanda nalo mlimani. Wakacheka, binti mmoja akakasirika kwa niaba ya mama yake. Nami nikafurahi, kwa sababu mtu hawezi kuikasirikia sentensi asiyoielewa. Hapo nikatambua kuwa si Kiingereza peke yake kilicho kigeni. Hata mtoto wa London hulazimika kuisahau "work" ya nyumbani kwao ili aipate ya fizikia. Tofauti ni kwamba yeye anajua anachokisahau.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi za Kiswahili zikaingia katika vipindi vyangu vya jioni. Neno nililolipenda kuliko yote ni kanieneo. Halihitaji kukaririwa, maana limejieleza lenyewe: ni kani iliyotandazwa juu ya eneo. Jioni moja nililiandika ubaoni, na pembeni yake nikaandika "pressure". Kisha, kwa mazoea tu, nikaandika chini yake ile sentensi yangu ya siku zote ili nioneshe neno hilo likitumika.

Chaki ikanisimama mkononi. "At standard atmospheric pressure." Kwa kanieneo sanifu ya angahewa. Mkia ule tulioimba miaka yote bila kuutazama ndio uliokuwa na jibu la kijana yule. Juu mlimani hewa inayokandamiza maji ni kidogo, kwa hiyo maji hutokota mapema, kabla hayajapata joto la kutosha. Kwenye meta 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Makande hukawia kwa sababu yanapikwa kwa maji yanayotokota lakini yasiyo moto sana. Hata hapa chini, kwa kuwa hatuko usawa wa bahari, huchemka kabla kidogo ya 100. Vipimajoto vyetu havikuwa vibovu. Kijana alikuwa amesema kweli, na vioo vilikuwa vimesema kweli. Aliyewaamuru wote waandike uongo ni mimi.

Kufikia hapo alikuwa amekwisha kuondoka shuleni, na fizikia alikuwa amefeli.

Nilipostaafu nilikutana naye kwenye mashamba ya mpunga, akiwa na jembe begani, amesimama kwenye mfereji. Watu walikuwa wakimngoja yeye aseme lango lipi lifunguliwe kwanza, maana husifiwa kwa kuyajua maji. Akanitambua. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia, tukajuliana hali, halafu nikamwambia kuwa kwa miaka mingi nimetaka kumwomba radhi kwa lile swali lake.

"Swali lipi, mwalimu?"

Nikamkumbusha bibi, makande na kicheko cha darasa. Akafikiri, akatabasamu. "Kumbe lilikuwa na jibu?"

Nikaketi ukingoni mwa mfereji nikampa jibu lake, kwa Kiswahili, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza, mara mbili akigeuka kuitazama milima. Kisha akaniuliza kama ningepata nafasi ya kupita nyumbani kwake jioni. Ana binti kidato cha pili, alisema, anayekariri sana usiku, na yeye baba yake hajui namna ya kumsaidia.

Nilikwenda. Binti alifungua daftari, nikaikuta sentensi ile ile, kwa mwandiko mzuri usio na kosa. Nikamwambia kabla hajaisoma aniambie kwanza, kwa lugha yoyote aipendayo, ni jambo gani amewahi kuliona jikoni likamshangaza.