Katikati ya Sister Act 2

Kanda yetu ya Sister Act 2 iliharibika mwishoni tu. Tuliirudisha nyuma na kuichezesha sehemu ile ya mashindano mpaka picha ikaingia michirizi na sauti ikaanza kuyumba. Huko mwanzoni na katikati ilibaki safi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja nako. Wakati ule, miaka ya 1990 Dar es Salaam, televisheni ilikuwa ngeni. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na sinema nyumbani maana yake ilikuwa deki na kanda iliyopita mikono mingi. Bibi alitazama pamoja nasi, akataka kujua ni parokia gani hiyo inayoruhusu masista kuruka namna ile.

Filamu ilitoka Desemba 1993. Whoopi Goldberg ni Deloris, mwimbaji wa Las Vegas anayevaa tena mavazi ya kitawa ili akafundishe muziki katika shule ya Kikatoliki huko San Francisco. Shule inataka kufungwa. Anawakusanya wanafunzi watukutu, anaunda kwaya, anawapeleka kushindana Los Angeles. Wakiwa nyuma ya jukwaa wanasikia kwaya nyingine, imevaa majoho, ikiimba wimbo uleule waliouandaa wao. Wanaingiwa na hofu. Kisha wanayavua majoho yao na kutoka na nguo zao za kila siku, na mmoja wao, Rita Watson, anaanza kuimba peke yake.

Rita alikuwa Lauryn Hill, binti wa miaka 18. Sisi wasichana wa mtaani tuligombania kuwa Rita. Hakuna aliyetaka kuwa wa safu ya nyuma. Mwaka 1996 kundi lake la Fugees likatoa The Score. Mwaka 1999 akachukua tuzo tano za Grammy kwa usiku mmoja, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka. Kwetu huo ulikuwa ushahidi kwamba filamu ilisema kweli: msichana anayekatazwa kuimba anapanda jukwaani, anafungua mdomo, dunia inasimama. Niliamini hivyo kwa moyo wote, kwa miaka mingi.

Imani hiyo ilianza kubadilika nilipopewa kwaya ya watoto parokiani. Niliitafuta filamu nikiwa nataka mbinu za kufundisha, na kwa mara ya kwanza nikaitazama bila kukimbilia mwisho. Katikati kuna Ahmal, anayeigizwa na Ryan Toby, anayeanza Oh Happy Day kwa sauti ya woga, kama mtu anayeomba radhi. Deloris hamwachi. Anamsukuma apande, apande tena, mpaka inatoka sauti ambayo hata wenzake hawakujua kama anayo. Siku hizi naona hapo ndipo filamu ilipo. Kule Los Angeles ni mavuno tu. Wala sikushangaa niliposoma kwamba kisa hiki kilichota katika kazi ya Iris Stevenson, mwalimu wa muziki wa shule ya Crenshaw, Los Angeles. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto wasiotaka kusikilizana anaijua ile kazi ya kumfanya mmoja anyamaze ili amsikie wa pembeni yake.

Na yupo mama yake Rita, Sheryl Lee Ralph. Utotoni tulimzomea. Lakini mama huyu mumewe alikufa akiutafuta muziki bila kuupata, na yeye ndiye aliyebaki na binti wa kulea. Anapomkataza Rita, anazungumza kwa hesabu ya nyumba yake mwenyewe. Rita anaghushi saini ya mama yake kwenye kibali cha mzazi, anasafiri, na mama anatokea ukumbini, anasikia wimbo mmoja, analainika. Hapa sikubaliani na watunzi. Dakika chache za shangwe hazitoshi kumjibu mama wa namna ile. Alipaswa kupelekwa darasani, akaone mwanawe akikosea, akirekebishwa, akirudia.

Ndiyo maana nawaita wazazi kwenye mazoezi, Jumamosi mchana, kwaya ikiwa bado haijakaa sawa. Wengine hawaji. Mama mmoja anayeuza samaki katika soko la Feri, aliyekuwa akisema kwaya inamwibia binti yake muda wa kusoma, alikuja akakaa benchi la nyuma, mkoba mapajani. Tulirudia mistari miwili ya wimbo mmoja karibu kipindi kizima, kwa sababu sauti ya pili ilikuwa ikivutwa na ya kwanza. Tulipomaliza alinifuata moja kwa moja.

“Mwalimu, huyu wangu mbona umemweka sauti ya pili? Nyumbani anapanda juu kuliko hao wote.”

Nikamwambia sauti ya pili ndiyo ngumu, na binti yake ndiye anayeishikilia. Akataka kusikia tena, safari hii ile sauti ya pili peke yake.