Kabla ya Magadi, Jifunze Kusema "Nimechoka"

Kila Januari jua likishaanza kuwaka, kwenye kila kikundi cha baiskeli Nairobi lazima kuwe na msee wa kuuliza, "Magadi ni lini?" Na lazima kuwe na mwingine wa kumjibu, "Magadi ni rahisi bana, ni kuteremka tu." Leo nataka niongee na huyo wa pili.

Kuteremka ni kweli. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Magadi liko kama mita 600 tu. Unatoka mjini, unapita Rongai na Kiserian, unapanda hadi Kona Baridi ambapo upepo unakupiga mpaka unatamani sweta. Halafu Bonde la Ufa linafunguka mbele yako na barabara inashuka. Unateleza, unapiga picha, unajiona bingwa. Ni kama kilomita 110 kutoka mjini. Lakini ni deni unachukua. Kila mita unayoshuka utailipa ukirudi, na utailipa mchana.

Tena joto la kule si kama letu. Huku ukitoka jasho unaliona, shati inalowa. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujalisikia. Unagusa shati, unaona ni kavu, unasema uko sawa, na mgongoni umejaa mistari myeupe ya chumvi. Mtu anayeendesha kwa nguvu kwenye joto anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, hata zaidi. Ukiteremka, upepo unakupooza. Mlima ukianza, unaenda polepole kama msukuma mkokoteni, upepo unaisha, na hapo ndipo jua linakupata vizuri. Mwili uliozoea baridi ya Nairobi unahitaji kama wiki moja au mbili kuzoea joto la aina hiyo. Haiwezekani uzoee asubuhi moja.

Mwaka jana nilienda huko na kundi la watu saba. Mwaliko ulikuwa mfupi: leta baiskeli, chupa mbili na roho ngumu. Mjomba wangu, ambaye amewahi kuendesha lori njia hiyo, aliniambia nibebe lita nne na nikae nyuma, "ndio uone wenzako." Hiyo ya kukaa nyuma ilinichekesha. Kumbe ndiyo ilikuwa na maana kuliko maji.

Tukirudi, saa saba mchana tulikuwa tumepita Olorgesailie, pale ambapo Louis na Mary Leakey walichimba mashoka ya mawe ya watu wa kale miaka ya 1940. Enzi hizo kulikuwa na ziwa hapo. Yaani hata hao wa kale walijua kukaa karibu na maji. Sisi tulikuwa kwenye lami, hakuna mti wa maana.

Mbele yangu kulikuwa na kijana mdogo kuliko sote, amemaliza Form Four juzi tu. Akaanza kuyumba. Nikamuuliza kama ako sawa. "Niko poa." Baada ya dakika chache nikamuuliza tena. "Niko poa." Halafu akageuka akaniuliza, "Hii ni Kiserian?" Manze, Kiserian ilikuwa bado mbali sana, na mlima wote ulikuwa mbele yetu. Dakika moja baadaye akaniuliza swali lile lile, kama hajawahi kuliuliza.

Nikapiga kelele tusimame. Kuna mtu mbele akajibu, "Usituharibie mwendo!" Kijana akalala na baiskeli yake kando ya barabara, polepole, kama mtu anayetafuta kitanda.

Mama wa duka moja la mabati ndiye aliyejua la kufanya. Tumweke kivulini. Tumvue kofia na jezi. Akamwagia maji ya mtungi kichwani na kifuani, sisi tukampepea na katoni. Mtu alitaka kumnywesha maji, mama akakataa, "Akili haiko hapo, atapaliwa." Halafu akatuangalia mmoja mmoja. "Nyinyi watoto wa Nairobi, hata ng'ombe saa hii wako chini ya mti." Pikapu iliyokuwa ikipita ikambeba hadi kituo cha afya. Alipona, na bado anaendesha.

Lakini nilipookota baiskeli yake, chupa moja ilikuwa imejaa. Haikuguswa. Kijana alikuwa na maji. Alichokosa ni ruhusa ya kusimama. Baadaye aliniambia kwamba hakutaka kuonekana mwepesi mbele ya wakubwa.

Hapo ndipo nataka tuongee. Ukiuliza mtandaoni jinsi ya kujiandaa, utapewa orodha: maji, pampu, tyubu, mafuta ya jua. Yote ni ya maana. Aibu haimo kwenye orodha hata moja. Sisi tumekuzwa tukiambiwa kukaza ndio sifa. Na kwa mambo mengi, kukaza kunakufikisha. Kwa joto, kukaza kunakuzima, kwa sababu mwili ukichemka kupita nyuzi 40, kitu kinachovurugika mapema ni ile akili inayotakiwa kukuambia simama. Huyo mtu hawezi kujipima mwenyewe. "Niko poa" yake haina kazi tena. Lazima mwingine amwone.

Kwa hivyo, kabla hamjaangalia tairi, kubalianeni haya. Mmoja akisema tusimame, wote wanasimama, na hakuna kuulizana kwa nini. Kila nusu saa mnakunywa, hata asiye na kiu. Mwenye uzoefu anakaa nyuma, si mbele, kwa sababu wa mbele haoni anayeanguka. Mtu akianza kuongea ovyo, safari imeisha hapo hapo: kivuli, maji mwilini, hospitali.

Mengine ni rahisi. Tokeni saa kumi na moja alfajiri. Katika chupa moja ya lita moja wekeni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Na pangeni gari la kuwarudisha juu. Kupakia baiskeli kwa pikapu si kushindwa. Mlima utakuwepo wiki ijayo.

Na kama kwenye kikundi chenu anayesema "nimechoka" huchekwa, msiende Magadi. Bado hamjajiandaa, hata mkibeba maji lori nzima.