Mshale Usiosema Kweli



Katika nchi hizi za ugenini gari kuukuu ni mtumishi wa nyumba nzima. Ndilo lipelekalo watoto skuli na chuoni, ndilo limfikishalo baba kazini usiku, na ndilo litukutanishalo na jamaa waliotawanyika miji mbali mbali, kwenye harusi na kwenye maziko. Likipata ila ndogo, ila hiyo huingia katika kila shughuli ya nyumba. Mwezi huu napenda kueleza habari ya ila moja ambayo wengi huivumilia kwa miaka, nayo ni geji ya mafuta isiyosema kweli. Nimeona kuwa kuitafuta asili yake si kazi ya mafundi peke yao.

Gari letu hapa Leicester ni la Kijapani, la mwaka 1996. Baridi ilipoanza, mshale wake wa mafuta ulishika tabia ya kuanguka kwenye alama ya tupu, kupanda, kisha kuanguka tena, hata tangi likiwa limejaa. Kututisha bure kulikuwa ni ubaya mdogo. Ubaya mkubwa ni kwamba ulituzoeza kutoujali, kwani mwenye kupiga ukelele kila siku hapati wa kumwitikia siku ya moto. Usiku mmoja wa Novemba, mume wangu akirudi na watoto watatu kutoka Northampton, mshale ulilala kwenye tupu kama kawaida yake, na safari hiyo ulikuwa unasema kweli. Gari lilizimika katika giza na mvua, mahali pasipo na nafasi ya kuegesha, malori yakipita kwa kasi. Walisimama nyuma ya uzio wa barabara kwa muda wa saa nzima. Alhamdulillahi, walirudi salama. Lakini mdogo wao, mwenye miaka minne, kwa wiki kadhaa hakukubali kupanda gari bila ya kuuliza, "Mama, mafuta yamo?"

Gereji moja ililitazama gari kwa dakika chache, ikasema dashibodi nzima ibadilishwe kwa pauni 380. Fedha hizo hatukuwa nazo. Ndipo nilipompigia simu mjomba wangu aliyeko Mombasa, ambaye ametengeneza malori kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpaka mwisho. "Hao waliokwambia ubadilishe dashibodi, wamepima nini?"

Nikamjibu kuwa sikuona wakipima kitu.

"Basi wamekuandikia dawa bila ya kukugusa paji la uso. Chukua kalamu."

Akanieleza kwamba geji ya mafuta ni watu watatu wanaopokezana habari. Wa kwanza yumo ndani ya tangi: ni boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba, linalopanda na kushuka pamoja na mafuta. Mkono huo husugua kijipande chenye ukinzani wa umeme, na ukinzani hubadilika kila boya linapohama. Katika gari kama letu, tangi tupu huwa na ukinzani mkubwa, kiasi cha omu 100 hivi, na tangi lililojaa huwa na omu chache tu. Yako magari ya Kimarekani yaliyo kinyume cha hayo, ambayo tupu ni omu 0 na kujaa ni omu 90. Kwa hiyo lazima mtu ajue gari lake ni la aina gani. Wa pili ni nyaya: mmoja hupeleka habari mbele, na mwingine huunga kitu hicho na chuma cha gari, ambao mafundi huuita ethi. Wa tatu ni mshale wenyewe. "Mmoja kati ya hao ndiye mwongo," alisema mjomba. "Usimhukumu yeyote kabla hujawauliza wote."

Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya mshale wa joto la injini. Nikamwambia kuwa ni mzima. Akasema kama mishale yote miwili ingekuwa mibovu, tungeanza na fyuzi na umeme wa dashibodi. Kisha akauliza kama taa ya manjano ya akiba iliwaka usiku ule. Haikuwaka. Hapo alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo liweke akilini. Katika magari mengi ya aina hiyo, taa na boya hutumia ethi moja."

Siku ya pili, mchana, gari likiwa nje uwanjani na milango yote wazi, tulinyanyua kiti cha nyuma. Chini yake pana kifuniko, na chini ya kifuniko pana plagi ya nyaya zinazokwenda kwenye tangi. Mjomba alikuwa amesisitiza mambo matatu: tangi lenyewe lisifunguliwe kabisa, pasiwe na sigara wala moto, na pakisikika harufu ya petroli kazi isimame pale pale. Tukaichomoa plagi. Tulipowasha swichi bila ya kuwasha injini, mshale ulikaa kwenye tupu, kama ilivyotakiwa. Kisha mume wangu akaunga waya wa habari na msumari safi wa kiti, kwa kupitia taa ndogo ya gari ili umeme usipite kwa nguvu. Taa ikawaka, na mshale ukapanda taratibu kuelekea kujaa.

Kwa jaribio hilo moja dashibodi ilitoka kizuizini. Mshale ulikuwa mzima, na waya wa mbele pia. Kama mshale usingepanda, lawama ingebaki kwao wawili.

Tukarudia jaribio, lakini badala ya msumari wa kiti tukatumia waya wa ethi uliomo katika plagi. Taa ikapepesa, mshale ukapanda na kuanguka, vile vile ulivyozoea kufanya njiani. Kwa mita ya umeme tulipima pia upande wa tangi, ambalo lilikuwa na kiasi cha nusu, tukapata omu 45 zisizoyumba. Kwa hiyo boya lilikuwa likisema kweli. Lingekuwa limetoboka na kuzama, lingeonyesha tupu daima. Na kama njia yake ingechakaa mahali pamoja, mshale ungeruka kila ufikapo hapo.

Tuliufuata waya wa ethi chini ya zulia mpaka kwenye buti, tukaukuta umefungwa kwa skrubu iliyoliwa na kutu. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu huingia na maji, na hutafuna chuma polepole. Tuliisugua kwa msasa, tukaikaza, tukaipaka grisi. Gharama yote haikufika pauni tano, na mshale haujayumba tangu siku hiyo. Taa ya manjano nayo imerudi.

Magari ya karibuni habari zake hupitia kompyuta, na waya zake zisiunganishwe kwa kubahatisha. Hayo yaachiwe fundi mwenye chombo cha kusomea hitilafu. Lakini hata huko, muulizeni kwa heshima amepima nini, na awaonyeshe, kabla hamjatoa fedha.

Na kwa yule ambaye geji yake bado haijatengenezwa, yuko shahidi mwingine. Jaza tangi, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, na ujazapo tena andika maili na lita. Ukienda maili 270 kwa lita 30, gari lako linakwenda maili 9 kwa lita, nawe utajua mapema lini usimame. Usingoje mpaka likauke, kwani katika magari mengi ya petroli pampu imo ndani ya tangi na hupozwa na mafuta hayo hayo. Tena zipo sehemu za M1 ambazo siku hizi hazina ukingo wa dharura, na mwenye kuzimikiwa huko na watoto hana pa kukimbilia.

Mtoto akiuliza kama mafuta yamo, basi mzazi awe na jawabu la kweli.