Tororo: Njia Panda ya Umeme

Msafiri atokaye Busia kuelekea Mwello, nchi ya Wajopadhola, huuona Mwamba wa Tororo toka mbali. Mji wa Tororo ni njia panda ya umeme: hapo ndipo zilipopitishwa, katika miaka ya 1950, nyaya za kupeleka Kenya nguvu za bwawa la Owen Falls, Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954.

Sheria ya mwaka 1999 ilikomesha ukiritimba wa Bodi ya Umeme ya Uganda. Mwaka 2001 Bodi ikagawanywa katika makampuni matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kugawa umeme. Mwaka 2005 ugawaji ulikodishwa kwa kampuni ya Umeme kwa miaka 20. Aprili 2025 ukarejea mikononi mwa Serikali. Jua nalo limetiwa kazini: mtambo wa megawati 10 ulianza Tororo mwaka 2017.

Hata hivyo, mfanyabiashara hufikisha waya palipo na wateja wengi. Nyumba za vijijini zimetawanyika, na matumizi yao ni madogo. Ndiyo maana mama wa shamba angali akipikia kuni, na miti ikizidi kupungua. Yampasa kila mwenye dhamana ayapime mageuzi haya kwa hali ya jiko lake.