Hadithi Ambayo Haikuwa Yangu



Nilipoolewa Babati, nyumbani Unguja walinifungia kila kitu: udi, liwa, kanga za kisutu. Baridi hakuna aliyenitajia. Asubuhi wingu linaufunika Mlima Kwaraa, na mimi nimejikunja ndani ya kanga mbili, mume kazini, sina shoga. Nikarudia tabia yangu ya zamani ya kuandika hadithi fupi kwenye daftari.

Rafiki yangu wa Unguja akaniambia kuna jarida la mtandaoni linapokea hadithi za Kiswahili. Zisizidi maneno 3,000, na ziwe hazijachapishwa popote. Zilibaki wiki mbili.

Hadithi niliipata jikoni. Jioni moja tukichambua mlenda, mama mkwe wangu akanisimulia alivyoachwa na mume wake wa kwanza akiwa na mimba ya miezi saba. Alisimulia bila machozi, mikono ikiendelea na kazi. Usiku ule niliandika mpaka adhana ya alfajiri. Nikabadilisha jina, nikamhamishia Kondoa, nikaona nimemaliza.

Nilimsomea mume wangu. Akanyamaza, kisha akasema, "Huyu ni mama. Hata dada zangu hawaijui habari hii."

"Jina nimelibadilisha," nikajitetea.

"Anayemjua atamjua tu. Muulize mwenyewe."

Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri. Nilimsomea mama yote, sauti ikinitetemeka. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Mpaka nimeuona ule mlango. Lakini habari hii nilikupa wewe, sikuwapa watu."

Dada zangu, niliona aibu. Tumefundishwa kwamba mazungumzo ni amana, na kwamba anayemsitiri mwenzake Mwenyezi Mungu humsitiri. Tunayafuata hayo kwenye simu na kwenye harusi, halafu tukishika kalamu tunadhani tumepewa ruhusa. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwachia binti yake wosia kutokana na maisha yake mwenyewe. Alitoa kilicho chake.

Nami nikajiuliza, changu ni kipi? Nikaandika habari ya bi harusi anayefungua kopo la liwa katika nyumba ya baridi, na harufu inamrudisha kwao. Maneno 2,600. Nikaituma siku moja kabla ya mwisho.

Baada ya miezi mitatu lilikuja jibu la mistari miwili: asante, hatutaichapisha. Nililia bafuni, maji yakiwa wazi nisisikike. Nikakaa mwezi mzima bila kuigusa. Nilipoisoma tena kwa sauti, nikaona ukurasa wa kwanza wote ni maelezo ya safari na bi harusi hajafika bado. Nikaukata, nikarefusha pale anapofungua kopo.

Sasa naiandaa kwa Tuzo ya Hadithi Fupi ya Commonwealth. Inapokea Kiswahili, haitozi ada, na inataka maneno kati ya 2,000 na 5,000. Kabla ya kutuma popote, soma masharti mara mbili, hesabu maneno, na usiweke jina lako pale walipokataza. Ukikataliwa, ujue iliyokataliwa ni hadithi, hujakataliwa wewe. Lakini kabla ya yote hayo, uliza kama ni yako kuitoa.

Ile ya mama ipo ndani ya sanduku, chini ya kisutu, na haitatoka.

Wiki iliyopita tulikuwa tunamenya vitunguu saumu. Akanisimulia jinsi alivyomkimbia kiboko ziwani akiwa binti, ndoo kichwani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha akanitazama.

"Hii andika," akasema.

Alhamdulillah. Tuombeane kheri, na wewe mwenye daftari lililofichwa, lifungue.